Nyumba Isiyotembea

Fundi Moyej wa Bhelamari alijulikana kwa nyumba zinazofunguka. Alizijenga kwa mabati na miti, akazifunga kwa bolti na waya, na msumari aliuogopa kama wengine wanavyoogopa kiapo cha uongo. Bhelamari ni kisiwa cha mchanga katikati ya mto Jamuna, na mto ule una tabia ya mgeni mlafi, yule anayekula kwako mwaka huu, mwaka ujao yuko kwa jirani, halafu siku moja anarudi kwako kama hajawahi kupaona.

"Ukipiga msumari," Moyej alikuwa akiwaambia watu, "umeuambia mto kwamba unakaa. Sasa nani kati yenu amewahi kupatana na mto?"

Kila ukuta aliutia alama kwa masizi ya kandili yaliyokorogwa na mafuta ya haradali. Ukuta wa Kibla, ambao kwao ni magharibi, aliuchorea mwezi. Wa mashariki jua, wa kaskazini samaki, wa kusini jani la mgomba. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuibeba nyumba yake vipande vipande hadi upande wa pili wa kisiwa na kuisimamisha tena, mwezi ukitazama kwenye mwezi, na kabla ya magharibi akawa anapika wali chini ya paa lilelile alilolalia jana.

Kuna jambo ambalo watu wa Bhelamari hawalisemi kwa sauti, ila wote wanalijua. Mto unapokaribia, mtu wa kwanza kufungua nyumba yake ndiye anayesemwa kuwa ameuita. Kwa hiyo kila mtu humngoja mwenzake. Kungojana huko kumewahi kuwazamishia watu ng'ombe na vitanda, na mwaka mmoja mbaya kulimzamisha mtoto. Baada ya mazishi yale, Moyej, ambaye siku hizo ndevu zake zilikuwa nyeusi, aliona afadhali lawama imwangukie yeye. Tangu hapo, akiona mto umekwisha kuamua, hupanda juu ya paa lake mchana kweupe, akafungua bati la mgongo, lile linaloziba juu kabisa pande mbili za paa zinapokutana, akalilaza uani. Halafu hushuka akaketi kutafuna tambuu. Kijiji kikishaliona bati la mgongo la Moyej liko chini, kila mtu hushika spana yake.

Wazee wengine walimwita Mwita-mto. Yeye alicheka. Mkewe Rahela hakucheka.

Rahela alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mtoto wao wa pekee, Lipi, alimzaa katika nyumba moja, akamwachisha ziwa katika nyingine, akamwozesha kutoka ya tatu, na nyumba zote hizo zilikuwa mabati yaleyale. Kaburi la mama yake mzazi lilikwenda na maji. Mzambarau aliokuwa amezoea kukaa chini yake kuchambua mchele ulikwenda na maji. Mara nyingi aliamka alfajiri akaufuata mlango pale ulipokuwa kwenye kiwanja cha zamani, akagonga paji la uso kwenye bati.

"Baba Lipi," alisema siku moja, akijipaka mafuta mahali palipovimba, "mimi sitaki dhahabu. Nataka nyumba isiyotembea. Nijue tu mlango uko wapi."

Moyej alimjibu kwa kikohozi.

Mwaka wa uchaguzi, majira ya baridi, akaja Sarwar Talukdar kugombea ubunge. Alikuja kwa mashua ya injini yenye vipaza sauti viwili, na chama chake kilikuwa na alama ya ngazi. Nibaron, muuza chai wa gatini, aliitazama ile ngazi iliyochorwa kwenye kitambaa, akasema kwamba katika maisha yake hajaona alama ya ukweli kama hiyo. "Mmoja anapanda, na sisi wengine tunaishikilia chini isianguke." Maneno hayo yalimfikia Talukdar mwenyewe, naye akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu wa kucheka. Hilo hakuna wa kumnyima.

Akasimama juu ya benchi la Nibaron.

"Wazee wangu, mama zangu! Hawa walioko madarakani wanataka kununua nini?"

"Ndege!"

"Ndege za nini?"

"Za vita!"

"Haya niambieni, ndege ya vita inazuia maji?"

"Haizuii!"

"Je, ukiipanga hapa ukingoni, ukaifunga na kamba ya juti?"

Watu wakaangua kicheko, hata kina mama waliokuwa wamejitenga nyuma wakafunika midomo kwa pindo za sari. Talukdar akainua mkono, sauti ikashuka.

"Mkitupa nchi, ndege hizo hatununui hata bawa moja. Fedha yake yote tutailaza hapa, zege juu ya zege, kutoka kichwa cha kisiwa mpaka mkia wake. Nitajenga tuta, na mto utapita nje ukipiga hodi."

Siku ile alikula kwa Rahela. Desturi ya pale ni kwamba mgeni wa majira ya baridi hupewa bata, na Rahela alikuwa na bata mmoja tu aliyenona. Alimchinjisha, akampika kwa pilipili nyingi, akatandaza mikate ya unga wa mchele. Talukdar alikula akilamba vidole, ameketi kwenye mkeka kama mtoto wa nyumbani.

"Dada," alisema akinawa, "mkono wako mtamu. Nikija tena nitakula ndani ya nyumba ya matofali, hapahapa."

Moyej alidhani ni maneno ya mtu aliyeshiba. Rahela aliyaweka mahali anapoweka vitu vyake vyote vya thamani, pasipoonekana.

Chama cha ngazi kikashinda. Kabla baridi haijaisha wakaja wapimaji, wakachomeka vibendera vyekundu ukingoni. Baada yao ikaja mashine ya kukoroga zege, na vibarua wakaanza kufyatua mabonge makubwa ya zege, wakayapanga mchangani yakauke. Watoto walicheza kujificha kati yake. Rahela alikwenda kuyagusa kwa kiganja, moja baada ya jingine, kama mtu anayepima homa.

"Baba Lipi, umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Sasa bado unangoja nini?"

Moyej alingoja wiki chache zaidi, akizunguka kisiwa, akichoma ukingo kwa mwanzi mrefu kutoka kwenye mtumbwi ili ajue mto unakula kiasi gani chini. Mwaka ule mto ulikuwa umetulia. Akauza ng'ombe. Lipi, aliyekuwa anashona mashati kiwandani Dhaka, akatuma alichonacho. Matofali ya kuchoma yakavushwa kwa mashua, na Bhelamari yote ikatoka kuyatazama yakishushwa, maana tofali ni kitu ambacho katika kisiwa kile mtu alikiona tu kwenye msikiti wa ng'ambo.

Alijenga mwenyewe, polepole. Mikono iliyozoea mabati na miti ilijifunza saruji. Na ilipofika siku ya paa, Rahela alisimama chini akamwambia, "Bolti usitie." Moyej akamtazama kutoka juu, akaona uso wake, akaagiza misumari. Bati la mgongo alilizika ndani ya saruji kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, akailainisha kwa mwiko mpaka ikang'aa. Kuta hakuzitia alama. Nyumba isiyotembea ina haja gani ya alama?

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na mtu wa bara asingeweza kulifanya. Mtu wa bara akijenga kwa tofali amejenga nyumba yake tu. Moyej alipojenga kwa tofali alikuwa amewaambia watu wote wa Bhelamari kwamba mto hauji tena. Asiron, mjane wa jirani, alikuwa amefunga mizigo ahamie kwa kaka yake ng'ambo. Akaifungua. Gofur, aliyewahi kuwa mpishi katika kambi ya wanajeshi wa anga na bado alivaa kofia yao ya rangi ya mbingu, akajiongezea baraza la matofali. Wengine waliacha bolti zao zishike kutu. Mtu akiuliza habari za mto, aliambiwa, "Si umeona alichojenga fundi?"

Rahela alihamia ndani kabla saruji haijakauka vizuri. Asubuhi ya kwanza aliamka gizani akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, hakugonga chochote, akarudi kulala huku anacheka peke yake. Moyej alimsikia akajifanya amelala.

Mvua za kwanza zilipoanza, ikaja habari ya bajeti. Watu walikuwa wamejazana kwa Nibaron, kwenye runinga ndogo iliyotumia umeme wa jua. Msomaji wa habari, mwanamke mwenye sari ya kijani, akasema kwamba serikali mpya imeidhinisha ununuzi wa ndege za kivita za kisasa. Ikaonyeshwa moja imeinua pua.

"Zima halafu washa tena," mtu mmoja akamwambia Nibaron. "Huenda ni habari ya mwaka jana."

Nibaron akazima, akawasha. Ndege ilikuwa palepale.

Wote wakageuka kumtazama Gofur.

"Msinitazame mimi," Gofur akasema. "Mimi nilikuwa nawapikia tu."

"Lakini wewe unasemaje, kaka?" Moyej akamuuliza.

Gofur akavua kofia, akaipangusa. "Nasema nchi isiyo na ndege ni nyumba isiyo na mlango. Anayetaka anaingia. Hilo nilikuwa nalisema hata siku ile mlipokuwa mnacheka."

"Na nyumba isiyo na ardhi?" Nibaron akauliza huku anamimina chai.

Gofur akairudisha kofia kichwani. "Hiyo," akasema, "haina haja ya mlango."

Kuhusu mito, waziri alisema kwamba ujenzi wa matuta utaendelea kwa awamu kadiri hali itakavyoruhusu. Moyej alirudi nyumbani amelowa. Rahela akamuuliza wamesema nini.

"Wamesema utaendelea."

Hakusema uongo. Lakini usiku ule hakula wali wake wote.

Mwaka huo mto uliwasamehe. Mvua zilipokatika likaja tishali, vibarua wakapakia yale mabonge ya zege, machache waliyokuwa wamefyatua, wakaondoka nayo. Wengine walisema yamekwenda kuzungushia uwanja wa ndege mpya. Wengine wakasema mkandarasi ameyauza. Hakuna aliyejua. Vibendera vyekundu vilibaki, vikafifia mpaka vikawa rangi ya ulimi wa mgonjwa, na kina mama wakavichukua wafungie vyungu.

Siku ya Ushindi, sikukuu ya taifa, zile ndege zikapita. Zilitoka upande wa kusini, chini sana, na sauti ikaja baada yake kama mlango wa chuma unaofungwa mbinguni. Bata wakarukia majini, watoto wakakimbia kandokando ya ukingo wakishangilia. Gofur alisimama katikati ya shamba la karanga, msuli kiunoni na kofia kichwani, mkono kwenye paji la uso, machozi yakimtoka waziwazi. Na Moyej, aliyekuwa anazitazama kwa uchungu, akajikuta amesimama wima na kifua kimemjaa. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa zao. Hakujua aiweke wapi furaha ile, akaingia nayo ndani.

Rahela alikuwa anakanda unga wa mchele.

"Umeziona, Mama Lipi?"

"Nimezisikia. Zinakula nini vile?"

"Mafuta."

"Mengi?"

"Mengi."

"Basi ndizo zilizokula tuta," akasema, akaendelea kukanda.

Watu walimwita Talukdar mara nyingi kabla hajaja. Alikuja wakati wa joto kali, kabla ya mvua, pamoja na askari wawili na mtu wa kamera. Hakupanda benchi safari hii.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Mkataba wa ndege tuliukuta umeshatiwa saini na wale waliotutangulia. Kuuvunja kunakula fedha karibu sawa na kuutimiza. Na majirani zetu wananunua. Tungefanyaje? Nchi ikae uchi?"

"Baba," akasema Asiron, yule mjane, "tunaokwenda kukaa uchi ni sisi."

"Tuta liko katika awamu ya pili, mama."

"Huyo Awamu wa Pili anakaa wapi, nimfuate mwenyewe?"

Watu wakacheka, na Talukdar akacheka nao, ila kicheko chake kilichelewa.

Ndipo Rahela akapita katikati yao ameshika sahani iliyofunikwa kwa kawa. Hayakuwa majira ya bata, na bata mwenyewe alikuwa mwembamba, lakini harufu ilikuwa ileile. "Ndugu yangu," akasema, "karibu ndani. Ulisema utakula katika nyumba ya matofali. Ndiyo hii."

Talukdar aliitazama nyumba. Aliutazama msingi, akapanda na macho mpaka kwenye saruji ya paa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeonyeshwa mtoto ambaye hakujua kuwa ni wake.

"Mmejenga lini hii?"

"Ulipotuambia."

Akavua miwani, akaifuta. Akaifuta tena. "Dada yangu, nisamehe. Maji yanapungua, mashua itakwama." Akaigusa ile sahani kwa vidole viwili, akaweka vidole kifuani, akaondoka. Rahela alibaki amesimama na sahani mpaka mlio wa injini ukaisha.

Moyej hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu anayejua kwamba tuta linakuja angeingia akala.

Mvua za mwaka ule zilianza mapema, na maji yalishuka kutoka kaskazini yakiwa mekundu. Moyej alichukua mwanzi wake akazunguka na mtumbwi. Upande wa mashariki, chini ya ukingo, mwanzi uliingia ndani ya udongo kama kidole kinavyoingia kwenye papai bovu. Mto ulikuwa umeshakula chini, na juu nyasi bado zilikuwa kijani, mbuzi wanajilia. Mbele ya nyumba ya Asiron alikuta ufa mwembamba unaokwenda sambamba na maji. Akatia kijiti. Kijiti kikazama chote.

Akapita nyumba kwa nyumba.

"Fungueni," aliwaambia. "Msingoje. Safari hii hautapiga hodi."

Walimsikiliza kwa adabu. Wakamkaribisha bisi za mchele na sukari guru. Hakuna aliyeshika spana. Kwa Asiron alipandisha sauti.

"Dada, ufa uko mlangoni pako! Unataka nikwambie kwa lugha gani?"

Asiron alikuwa anamkamua mbuzi, hakuinua kichwa. "Kaka fundi, usinikasirikie. Mdomo wako unasema tuondoke. Paa lako linasema tukae. Mimi maisha yangu yote nimekuwa nikilisikiliza paa."

Moyej akarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Rahela alikuwa ameketi kwenye kizingiti, kijaluba cha tambuu mapajani. Alimwona anavyotembea akajua.

"Sitoki," akasema kabla hajaulizwa.

"Nataka kufungua paa."

"Halifunguki. Ulinijengea lisifunguke."

"Mama Lipi, wanangoja. Wote wanaangalia juu ya nyumba yetu."

"Waangalie. Wana macho, wana na miguu." Mkono wake ulikuwa unapaka chokaa kwenye jani la tambuu, ukapaka tena palepale palipokwisha kupakwa. "Maisha yangu yote nimekuwa mke wa Mwita-mto. Nikichota maji wananyamaza. Lipi alikataliwa na wachumba wawili kwa sababu ya bati lako la mgongo. Je, nilisema neno?"

"Hukusema."

"Niliomba nyumba moja."

"Najua."

"Moja, Baba Lipi."

"Najua."

Kutoka mashariki ukaja mshindo mzito, kipande cha ardhi kikiingia majini, halafu kimya, halafu sauti ya mbuzi. Rahela akalikunja lile jani, hakulitia mdomoni. Akaliweka ndani ya kijaluba, akafunga kifuniko. Akasogea upande mmoja wa kizingiti ili mumewe aweze kupita kuchukua nyundo na patasi.

Alipanda. Saruji ile alikuwa ameikoroga kwa uangalifu, mchanga wa kuoshwa, maji kidogo, na sasa ilimlipa. Patasi iliruka, ikamchana kidole. Akapiga tena. Mlio wa nyundo juu ya saruji haukuwahi kusikika Bhelamari, na watu wakatoka kuangalia ni nini, wakasimama uani, Asiron na mbuzi wake, Nibaron na birika mkononi, Gofur. Hakuna aliyejitolea kupanda kumsaidia, na yeye asingekubali. Kilikuwa kitu cha kufanywa na mtu mmoja. Jasho na damu vilimtiririka, paji la uso likawa jeupe kwa vumbi, na mara mbili alisimama akashika kiuno, wakadhani ameacha. Mwishowe bati likang'oka limepinda, na vipande vya saruji vimeling'ang'ania kama meno. Akalisukuma. Likaanguka uani kwa kelele, likajigaragaza, likatulia.

Walilitazama. Halikuwa na umbo la bati la mgongo tena, lakini walilijua.

"Spana yangu iko wapi?" Asiron akauliza, hakumwuliza mtu yeyote, akaanza kukimbia.

Kufikia alasiri kisiwa kizima kilikuwa kinalia bolti zilizoshika kutu. Moyej alishuka akazunguka kuwasaidia waliokuwa na kutu zaidi, akimwaga mafuta ya haradali kwenye nati, akitukana kwa upole. Mashua zilijaa kuta zenye miezi na samaki. Ndege mbili zikapita juu mno, za mazoezi, zikiacha mistari miwili myeupe. Gofur alikuwa amebeba mlango wake mgongoni akielekea gatini. Alisimama, akasikiliza bila kuinua kichwa, halafu akauweka sawa mlango akaendelea. Baraza lake la matofali aliliacha.

Rahela alitoa msahafu uliofungwa kwa kitambaa, chungu cha wali uliolazwa majini, na mito miwili. Matofali hayabebeki kwa mashua ndogo penye mkondo ule. Walichukua mabati ya paa, yaliyotobolewa na misumari, na milango.

Mto ulifika baada ya siku chache. Waliuona kutoka mashuani, walipokuwa wamekuja kumtafuta mbuzi wa Asiron. Ardhi ya jirani ilikwenda kwa mapande, na kuta za Rahela zikabaki zimesimama peke yake ukingoni, hazina paa. Halafu zikaketi, zote kwa pamoja, polepole, kama mzee anayeketi kitako, zikaingia majini.

"Hata kupasuka haikupasuka," Rahela akasema. "Ulijenga vizuri."

Hayo ndiyo maneno aliyomwambia, na kwa siku nyingi hakumwambia mengine.

Ng'ambo, kando ya barabara iliyoinuliwa, ndiko wanakokaa wote waliofukuzwa na mto, mlango wa huyu ukitazama ukuta wa yule, na malori yakipita yakitikisa vyungu. Moyej alipata nafasi kati ya Asiron na shimo la takataka. Akaziba matobo ya misumari kwa lami, akayagawa mabati kati ya kuta na paa, akasimamisha miti, akaanza kufunga. Bolti aliazima kwa Nibaron. Alifanya kazi amempa mkewe mgongo. Kuta zilikwisha kusimama zote nne, na hakuzitia alama hata moja. Hakuweza kuleta masizi mbele yake. Kuchora mwezi pale kungekuwa kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba nyumba hii nayo itatembea.

Rahela alikuwa nje anapika kwenye mafiga. Aliipakua khichuri, wali wake wa dengu, akaifunika, akachukua kandili, akaanza kukwangua masizi ndani ya kioo kwa ukucha. Akayakusanya kwenye kigae, akadondoshea mafuta ya haradali, akakoroga kwa kidole. Akaenda kwenye ukuta wa Kibla, akainama.

Moyej aliacha kukaza bolti.

Mwezi aliouchora ulikuwa umelala kidogo, na pembe moja ndefu kuliko nyingine. Aliutazama, akaufuta pembe kwa pindo la sari, akaurudia. Akahamia mashariki akachora jua, akaenda kaskazini akachora samaki. Upande wa kusini akasimama, kidole cheusi hewani.

"Baba Lipi," akaita, "huku kusini ni nini? Nimesahau."

"Jani la mgomba," Moyej akasema.